Orodha ya Jacob Wainwright: Kusoma, Kuchunguza na Kuandika kama Kazi ya Imani

Tukiulizwa matendo ya imani ni yapi, wengi wetu tutataja kusali, kufunga, kutoa sadaka na kuwatazama wagonjwa. Ni nadra mtu kutaja kuandika orodha ya mali ya marehemu. Hata hivyo, katika historia ya Ukristo wa sehemu zetu hizi ipo orodha moja kama hiyo, iliyoandikwa na kijana Mwafrika katika kijiji cha mbali, na inatufundisha mengi juu ya thamani ya kusoma na kuandika katika maisha ya kila siku.

Kijana huyo aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, kisha akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza iliyokuwa ikizuia biashara hiyo. Kama watoto wengine wengi waliookolewa, alipelekwa Nasik nchini India, ambako Wamisionari wa CMS walikuwa na makao ya Waafrika waliowekwa huru. Hakuwa na nyumba ya kurudi, wala mali, wala mzee wa ukoo wa kumtetea. Alichopewa huko ni imani, lugha ya Kiingereza, na ujuzi wa kusoma na kuandika.

Mwaka 1872 yeye na vijana wenzake kadhaa wa Nasik walitumwa kutoka Zanzibar pamoja na wapagazi wengine kwenda bara kujiunga na David Livingstone. Walimkuta Unyanyembe, karibu na Tabora, na mwezi wa Agosti wakaondoka naye kuelekea kusini. Safari ikawa ya mvua, matope na maradhi. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha mtemi Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu katika nchi inayoitwa Zambia leo, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa tuwatazame wale waliobaki. Viongozi wa msafara walikuwa Susi na Chuma, watu waliokuwa wamemtumikia Livingstone kwa miaka mingi. Mzungu amefia mikononi mwao, mbali kabisa na pwani. Masanduku yake yana vyombo vya kupimia, vitabu, nguo na karatasi. Nani angewaamini wakifika Zanzibar na kusema, “Bwana amekufa, na vitu vyake ndivyo hivi”? Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuwaita wezi, au hata wauaji, na wao wangejibu kwa mdomo tu.

Walichokifanya ni cha busara. Waliwakusanya watu wote, wakayafungua masanduku mbele yao ili kila mmoja awe shahidi, na wakamwambia Jacob aandike kila kilichomo. Akaandika katika moja ya madaftari madogo ya marehemu mwenyewe. Kisha moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma ibada ya maziko mbele ya wote. Mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa kwa nguo na magome ya mti. Kabla ya kuondoka, Jacob alichonga maandishi katika shina la ule mti: jina la Livingstone, tarehe, na pia majina ya viongozi wa msafara, Susi, Mnyasere na Uchopere. Kipande cha mti huo kilipelekwa London baadaye na kimehifadhiwa hadi leo.

Wapendwa, tazameni kalamu ya kijana huyu ilivyotumika kwa muda mfupi. Ilitunza mali ya marehemu isipotee, ilitunza heshima ya maskini wasije wakasingiziwa, na iliweka majina ya wapagazi karibu na jina la mtu mashuhuri. Haya yote yalifanywa na mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa yeye mwenyewe akihesabiwa kama mzigo katika jahazi.

Msafara ulibeba mwili ule kwa karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, na baadhi yao walikufa njiani. Hata kabla ya kufika Tabora, Jacob aliandika barua kwa niaba ya wenzake kuwaarifu Wazungu waliokuwa wakija kumtafuta Livingstone, na Chuma akatangulia nayo. Cameron, ofisa wa Kiingereza waliyemkuta Tabora, alishauri mwili uzikwe palepale. Walikataa, wakaendelea na safari. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Wengi wao walilipwa mshahara wao wakaachwa waende zao. Jacob alisafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 akawa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza katika kanisa la Westminster Abbey.

Maandiko Matakatifu yanaijua vizuri kazi ya namna hii. Katika Yeremia sura ya 32 nabii amefungwa, Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, na kila mtu anajua kwamba nchi inakwenda kupotea. Wakati huo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha. Anaandika hati ya ununuzi mbele ya mashahidi, nakala iliyotiwa muhuri na nakala iliyo wazi, kisha anamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Nabii aliyehubiri hukumu alijishughulisha na hati ya shamba! Alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba watu watarudi, na wakirudi watahitaji kujua shamba ni la nani. Hati ile ilikuwa mahubiri ya tumaini, tena mahubiri yaliyoweza kusomwa baada ya mhubiri kuondoka.

Mwinjili Luka naye, katika aya nne za mwanzo za kitabu chake, anaeleza jinsi alivyofanya kazi. Anakiri kwamba wengine wameandika kabla yake, anataja walioshuhudia kwa macho, kisha anasema kwamba yeye amejitafutia habari zote kwa usahihi tangu mwanzo na kuziandika kwa taratibu, ili Theofilo ajue ukweli wa yale aliyofundishwa. Huo ndio utafiti: kuuliza, kulinganisha na kupanga. Na Wayahudi wa Beroya, katika Matendo 17:11, wanasifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo mweupe na bado kila siku wakayachunguza Maandiko kuona kama ndivyo yalivyo. Hakuna aliyewaambia kwamba kuhakikisha ni kukosa imani.

Mababu zetu waliolipokea Neno walilielewa jambo hili haraka. Huko Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, watu walioifuata dini mpya waliitwa wasomaji. Kumwuliza mtu kama anasoma kulikuwa sawa na kumwuliza kama anaamini.

Lakini historia ya Jacob ina upande wa pili ambao haufurahishi. Safari ilipokwisha, kumbukumbu za mwisho za Livingstone zilihaririwa na rafiki yake Mwingereza Horace Waller na kuchapishwa mwaka huohuo wa 1874. Katika kitabu hicho Susi na Chuma wanaonekana zaidi kuliko wengine, kwa maana walihojiwa na mhariri. Jacob naye alikuwa ameandika kumbukumbu zake za safari siku kwa siku. Tafsiri yake ya Kijerumani ilitoka katika jarida la jiografia mwaka 1874, na Kiingereza alichokiandika kwa mkono wake kilikaa kimya kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alifanya kazi na Wamisionari katika Afrika ya Mashariki hadi alipofariki Urambo mwaka 1892. Maandishi yake ya asili, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Livingstone huko Blantyre, Scotland, yalichapishwa mtandaoni mwaka 2019. Ilichukua miaka 145 sauti yake isikike kwa maneno yake mwenyewe. Kama asingeandika, hata miaka 1,000 isingetosha, kwa kuwa hakungekuwa na kitu cha kupatikana.

Tena maandishi ya namna hii hutusaidia hata yanapopingana. Tarehe iliyochongwa katika mti ilikuwa 4 Mei 1873, na vitabu vingi husema Livingstone alikufa 1 Mei. Watu waliokuwa porini wakiuguza na kuzika wangeweza kupoteza hesabu ya siku. Mtafiti akiona tofauti hiyo hatupi maandishi yote mawili. Anauliza nani aliandika, lini, na alijuaje. Mtu asiyesoma huamini habari ya kwanza aliyoisikia. Aliyezoea kusoma hujifunza kusubiri ushahidi wa pili, kama Torati inavyotaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu.

Mfano mwingine uko Mombasa. Mwaka 1875 CMS walianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa utumwani. Hadi leo jina la Kengeleni, Kisauni, linakumbusha kengele ya makao hayo. Mtoto wa mmoja wa watu wale, James Juma Mbotela, alisikia masimulizi ya baba yake na wazee wengine: jinsi walivyotekwa, walivyotembezwa hadi pwani, walivyopakiwa majahazini na walivyookolewa. Akayaandika kwa Kiswahili, na mwaka 1934 kikatoka kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*. Wapo wasomaji wanaosema kitabu hicho kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Hoja hiyo ni halali, na inaweza kujadiliwa kwa sababu kitabu kipo. Wazee wengine wengi wa Frere Town waliondoka duniani na habari zao, na hatuwezi kukubaliana nao wala kubishana nao.

Sasa turudi kwetu. Usharika wetu una kabati lenye vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko, mihtasari ya baraza la wazee na risiti za mhazini. Tunavichukua kuwa kazi ya ofisi. Lakini mzee asiye na cheti cha kuzaliwa huja kutafuta jina lake katika kitabu cha ubatizo apate kuthibitisha umri wake. Mjane hutafuta tarehe ya ndoa wakati ndugu wa mume wanapoikana ndoa yake. Jirani akidai kiwanja cha kanisa, mahakama haitauliza tuna waumini wangapi wanaokumbuka. Itauliza hati iko wapi. Karani aliyeandika jina kwa mwandiko unaosomeka miaka 40 iliyopita amemtumikia jirani yake kama aliyempelekea chakula, na panya au mvua ikiingia kabatini, anayepata hasara kwanza ni maskini, maana tajiri ana njia nyingine za kujithibitisha.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Mzee anapofariki bila kuandika amemkopesha nani na shamba linaishia wapi, watoto waliolia pamoja wiki hii huenda wakafika barazani wiki ijayo. Kikundi cha kuweka na kukopa kisicho na daftari hugeuza marafiki kuwa washitaki. Na siku hizi, ujumbe unapoingia katika simu ukimtuhumu mchungaji au jirani, tunausambaza kabla hata ya kuusoma hadi mwisho. Watu wa Beroya walimchunguza mtume. Sisi tunashindwa kuchunguza ujumbe usio na jina la mwandishi.

Haya hayahitaji shahada. Jacob Wainwright alijifunza kuandika katika makao ya watoto waliookolewa, na chombo chake kilikuwa daftari la marehemu. Tunaweza kuanza na yaliyo karibu. Kijana wa kwaya akae na bibi yake jioni, amwulize nani alijenga kanisa la kwanza la miti na udongo, nani alichoma matofali, nani alikuwa mwalimu wa kwanza, kisha aandike majibu pamoja na tarehe na jina la aliyesimulia. Akamwulize na mzee wa pili, na wakitofautiana aandike yote mawili. Mhazini asome hesabu mbele ya watu wote, kama masanduku yalivyofunguliwa kule kwa Chitambo mbele ya wapagazi wote. Familia ziandike mipaka, madeni na wosia wakati wazee wana nguvu na mashahidi wapo. Na baraza la wazee litafute kabati lisiloingiza maji, maana hilo ndilo chombo chetu cha udongo.

Mungu tunayemwamini anajua majina yetu yote bila daftari. Lakini amependa habari za wokovu wake zitufikie kwa mikono ya watu walioandika: Baruku aliyeandika tena gombo lililochomwa na mfalme, Luka aliyeuliza mashahidi, na waandishi wengi tusiowajua. Wazee wetu waliolijenga kanisa hili wako wachache sasa. Jumapili ijayo baada ya ibada wengi wao watakuwa wameketi chini ya mti wakisubiri usafiri. Nenda na daftari.