UZI: Kichinjio tunaahidiwa kila uchaguzi. Mwenye kisu atafundishwa na nani?

1/ Kwetu Kasikeu, Makueni, anayeomba kura hakosi kutaja mifugo, na akitaja mifugo lazima afike kwenye "kichinjio cha kisasa". Watu wanapiga makofi. Mimi nina swali moja tu: atakayeshika kisu ndani ya hilo jengo atafundishwa na nani? Twende polepole, tuanzie zamani.

2/ Ukishika barabara ya Mombasa kutoka Sultan Hamud kuelekea Nairobi, utapita Athi River. Hapo ndipo kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama mwishoni mwa miaka ya 1930. Kiwanda kilitaka ng'ombe wengi, tena kwa bei ya chini. Wakati huo huo, serikali ya kikoloni ilikuwa inasema Wakamba wamefuga kupita kiasi na udongo unaisha.

3/ Mwaka 1938 ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu wilayani Machakos (sisi wa Makueni tulikuwa humo hadi 1992). Ng'ombe wakachukuliwa, wakapigwa mnada. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao alikamatwa, akapelekwa Lamu. Leo kuna barabara katikati ya Nairobi yenye jina lake. Mwaka haukuisha kabla serikali haijalegeza kamba.

4/ Nikisoma habari hizo naona jambo moja. Mjadala ulikuwa wa kiwanda na ng'ombe. Mtu wetu alihesabiwa kama mwenye mifugo ya kutoa. Kama fundi wa kesho, hakuhesabiwa.

5/ Mwaka 1950 ikaundwa Kenya Meat Commission, hapo hapo Athi River. Ikafungwa miaka ya 90, ikafunguliwa tena 2006, na 2020 ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Kelele zote zimekuwa za nani asimamie na mfugaji alipwe lini. Ni sawa. Lakini Athi River pia kuna Meat Training Institute, chuo cha serikali cha mambo ya nyama. Kwa hivyo mafunzo yapo nchini. Shida ni umbali kati ya chuo hicho na kichinjio cha sokoni.

6/ Huku sokoni kazi inafunzwa hivi: kijana anafika alfajiri, anachota maji, anaosha matumbo, anashika mguu wa ng'ombe huku mkubwa wake akichuna. Siku moja anapewa kisu. Huo ni uanagenzi kabisa, hata kama hakuna aliyeuandika mahali. Sidharau. Kuna wachunaji wa aina hiyo wenye mkono safi kuliko mtu wa cheti.

7/ Lakini ukilipwa kwa kichwa cha mnyama, unaharakisha. Kisu kikiteleza, ngozi inatoboka na bei inashuka. Utumbo ukipasuka, kinyesi kiko kwenye nyama. Na mnyama akiwa mgonjwa? Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007 ulitufunza kwamba kuchinja na kuchuna mnyama aliyeambukizwa kunaweza kuua mtu. Kijana ambaye hajaelezwa hivyo anaingia mikono mitupu.

8/ Sasa mabishano. Upande mmoja unasema: bila cheti, usiguse nyama ya umma. Upande mwingine unasema: cheti kitamfukuza mzee aliyechuna miaka 20, nafasi ipewe mtoto wa mkubwa fulani mwenye karatasi. Ukweli usemwe, pande zote mbili zina hoja.

9/ Kuna njia tunayoijua tayari. Fundi wa uashi au wa umeme anaweza kupimwa kwa mtihani wa gredi hata kama alijifunzia kazini. Anaonyesha kazi, anapewa gredi yake. Kwa nini tusidai hivyo hivyo kwa mchunaji? Apimwe pale pale, kwa kisu chake, na kijana aliye chini yake aandikwe kama mwanagenzi: muda ujulikane, buti na glavu zijulikane, na posho pia.

10/ Na mtu asikwambie "hiyo ni ya serikali kuu". Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Vichinjio vya kaunti viko mikononi mwa kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini pia viko mikononi mwa kaunti. Jengo na mafunzo vyote viko kwa bosi mmoja!

11/ Kwa hivyo akija tena na picha ya kichinjio, muulize matatu:
– Bajeti ya mafunzo ni ngapi, na iko ukurasa gani?
– Wanaochuna sasa watapimwa, au watafukuzwa?
– Kijana anayejifunza atalipwa nini?

Mwaka 1938 wazee wetu walitembea wakadai ng'ombe wao. Sisi tuna kazi rahisi zaidi: kuinua mkono kwenye mkutano na kuuliza. Kwako huko hali ikoje? Nieleze hapa chini.