Kibarua Kilichoota Nyasi

Mtu akifukuzwa kazi Tanzania, watu husema kibarua chake kimeota nyasi. Magazeti ya michezo huipenda kauli hiyo kila kocha anapotimuliwa, nasi tunaisoma tukicheka. Lakini kocha ana mkataba wa kurasa nyingi na mwanasheria wa kuusoma. Neno lenyewe lilianza kwa watu wasio na hata kimoja kati ya hivyo. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. Katika Unguja ya karne ya 19, wengi waliofanya kazi kwa cheti hicho walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe.

Kwetu ni Mvumi, wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Uwele na mtama vikikubali, watu hukaa. Vikikataa, vijana huondoka kutafuta kibarua. Kazi ya muda mfupi kwetu ni shamba la pili, na mtu anayekatizwa kazi ghafla amepoteza mavuno kama aliyekosa mvua. Ninaposoma historia ya kazi kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, hilo ndilo swali ninalorudi nalo kila mara: sheria ilimwonaje mtu wa namna hiyo?

Mwanzoni haikuwapo sheria ya kumwona. Mvumi ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyounganisha pwani na Unyanyembe. Msafara ukitoka Mpwapwa ulivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha ukaingia Ugogo na kulipa hongo kwa watemi. Henry Morton Stanley alipita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu chake kimejaa manung'uniko juu ya hongo hiyo. Waliobeba mizigo yake wanapata nafasi ndogo zaidi. Wapagazi walifanya kazi kwa ujira wa safari au wa mwezi, pamoja na posho. Posho ikipunguzwa waliweza kutua mizigo na kukaa chini. Mambo yakizidi, waliondoka usiku. Kiongozi wa msafara aliyekuwa na marobota ya nguo na shanga katikati ya nyika alijua kwamba kumfukuza mpagazi ni hasara yake mwenyewe. Kati ya wawili hao, mwajiri ndiye aliyeogopa zaidi kuachwa.

Nadhani sheria za kikoloni zilizaliwa na hofu hiyo. Katika enzi ya Wajerumani, mashamba ya Usambara yalianzisha kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Siku ambayo msimamizi hakuridhika nayo haikutiwa alama, kwa hiyo mwezi wa mfanyakazi ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Waingereza walipochukua Tanganyika, sheria yao ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi wa Kiafrika ilifanya kuacha kazi kabla ya wakati kuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kutozwa faini au kufungwa kwa kuondoka. Neno la wasafiri, utoro, likawa neno la mahakama. Sheria ilimuuliza mfanyakazi kwa nini ameondoka. Swali la kwa nini ameondolewa lilikuwa bado halijapata mtu wa kulijibu.

Ugogo ililiona jambo hilo kwa ukubwa wake Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko mradi wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa jumla, ili kupata mafuta ya kupikia baada ya vita. Matingatinga yalipambana na vichaka na mizizi, ardhi ikakauka na kuwa ngumu kama saruji, mvua ikakosa. Septemba 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli ya kati hadi huku bara, na Kongwa nayo ikagoma. Januari 1951 London ilitangaza kwamba mradi umekwisha. Takriban pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu vya hesabu.

Vitabu vingi vinavyoeleza mkasa huo huhesabu pauni na matrekta. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa kijana wa kusafisha pori huko, alihesabu asubuhi. Alituambia wajukuu kwamba hakuna aliyewaambia kazi imekwisha. Walisimama mahali walipozoea kuchukuliwa, na lori halikuja. Siku ya pili halikuja. Siku ya tatu wakaanza kutembea kurudi nyumbani. Hakusimulia kwa uchungu. Alisimulia kama mtu anayeeleza tabia ya mvua, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu lori lina mwenyewe na lingeweza kuulizwa.

Swali liligeuka baada ya uhuru. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda ajira iliyomnyang'anya mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu papo kwa papo. Makosa na adhabu zake viliorodheshwa katika kanuni ya nidhamu, kamati za wafanyakazi zikapewa sauti, na mgogoro ukaweza kufika katika baraza la usuluhishi hadi kwa waziri. Ulinzi huo ulikuja na bei yake. Mwaka huohuo, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao la TFL likavunjwa, na NUTA ikawekwa badala yake chini ya katibu mkuu, Michael Kamaliza, ambaye alikuwa pia Waziri wa Kazi. Issa Shivji ameandika kwa kina jinsi dola ilivyompa mfanyakazi kinga kwa mkono mmoja na kumshika kwa mkono wa pili. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mwajiri alitakiwa kueleza sababu.

Leo tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu wa haki. Kisha, katika kifungu cha 35, inachora mstari: sehemu hiyo haimhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Kadi ya siku 30 imekwenda zake, lakini kalenda imebaki mlangoni.

Binamu yangu aliukuta mstari huo bila kuujua. Alikuwa saidia fundi katika ujenzi mmoja Dodoma, bila mkataba wa maandishi, akilipwa kwa mwezi. Alikuwa ametimiza miezi mitano na siku chache fomeni alipomwambia getini asirudi kesho. Alidai malipo ya siku 17. Nyumbani walimwambia ashukuru, atafute pengine. Vijiweni walimwambia kibarua hana haki. Nilikaa naye tukasoma sheria kifungu kwa kifungu, kama ninavyosoma nyaraka za kale.

Kumbe mstari wa miezi sita unafunga mlango mmoja tu. Ni kweli hangeweza kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na hata likizo yenye malipo huanza kuhesabiwa haki kwa miezi sita. Lakini ujira wa siku alizofanya kazi ni wake. Notisi ni yake pia: siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Asipopewa notisi, alipwe badala yake. Aliyechukuliwa mbali hurudishwa alikoajiriwa au hupewa nauli. Cheti cha utumishi ni haki. Katazo la ubaguzi, uwe wa kabila, dini, jinsia au ujauzito, halisubiri mwezi wa sita.

Kifungu hichohicho cha 35 kina maneno ambayo waajiri wengi huyaruka: miezi huhesabiwa iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Anayempa mtu karatasi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya miezi mitatu, hajaianza hesabu upya. Mwenye mkataba wa muda maalum naye ana njia yake, kwa kuwa kanuni za mwaka 2007 hazimruhusu mwajiri kuukatiza kabla ya wakati ila mfanyakazi akiuvunja kwa kiasi kikubwa au wakikubaliana. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imewahi kuamua kwamba fidia hapo ni mishahara ya miezi iliyobaki.

Binamu alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo haitozi ada. Anayepinga uhalali wa kuachishwa ana siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine, kama yake, yana siku 60. Msuluhishi alitaka kujua kama kweli aliajiriwa. Binamu alitoa simu, akaonyesha ujumbe wa miamala mitano, mwezi baada ya mwezi, kutoka namba ileile. Kwa upande wa mwajiri hakukuwa na karatasi, na sheria inasema asipoonyesha maelezo ya maandishi ya ajira, ni juu yake kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Walikubaliana palepale: siku 17 na notisi ya siku 28. Kazi hakurudishiwa. Fedha zilinunua mahindi ya kuwafikisha hadi mvua.

Aliponipigia simu kunieleza, alikuwa amekwishapata kazi nyingine, pia ya muda mfupi. Nilimuuliza kama safari hii amesaini chochote. Akasema hapana, ila amenunua daftari. Kila jioni anaandika tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka na jina la msimamizi, na Jumamosi humwomba fomeni atie sahihi. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Sasa wanne nao wana madaftari.