Shule ya Kibarazani: Mizizi na Machipukizi



Wapendwa wanaparokia, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu alinisubiri mlangoni pa sakristia akaniuliza, "Baba Paroko, ile miti ya jubilei iko wapi?" Nilikosa jibu. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile: kwaya iliimba, mgeni rasmi alishika jembe, picha zikapigwa, na miche 40 ikapandwa nyuma ya kanisa. Leo imebaki mitatu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka wakati wa kiangazi, kwa sababu sikumkabidhi mtu yeyote kazi ya kuimwagilia maji. Kosa hilo ni langu, nami nalikiri mbele yenu.

Swali la mtoto yule limenirudisha katika historia moja iliyoanzia hapa nchini mwetu, ambayo wengi wetu hatuijui vema.

Mwaka 1991, kikundi cha wanafunzi wa sekondari, ambao hata ishirini hawakufika, kilikusanyika kibarazani nyumbani kwa Jane Goodall, jijini Dar es Salaam. Mama huyo Mwingereza alizaliwa London mwaka 1934, naye alijulikana duniani kote kwa utafiti wake juu ya sokwe. Alifika Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Mama yake mzazi alifuatana naye, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Mwaka huohuo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka majani katika kichuguu ili anase mchwa na kuwala. Hadi wakati huo wataalamu wengi walifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana. Elimu hiyo mpya aliipata kwa kukubali kuketi, kunyamaza na kutazama.

Tabia hiyo alikuwa nayo tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka kama minne hivi, alijificha saa kadhaa ndani ya banda la kuku ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walimtafuta kila mahali, hata polisi wakaarifiwa. Alipotokea amejaa majani makavu, mama yake hakumchapa wala hakumkemea. Aliketi akamsikiliza mtoto akieleza jinsi kuku anavyotaga. Wazazi wapendwa, sisi tungefanya nini?

Turudi kibarazani. Wanafunzi wale walikuja na mambo yaliyowasumbua mioyoni: uvuvi wa baruti unaoharibu matumbawe ya bahari yetu, ujangili katika hifadhi za taifa, mateso ya wanyama masokoni, na watoto wanaoishi mitaani. Walitaka kujua kwa nini watu wazima hawachukui hatua. Mama Goodall hakuwapa hotuba. Aliwaambia warudi mashuleni kwao, wawatafute wenzao wenye uchungu kama wao, kisha wakutane tena. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi.

Jina hilo lina fundisho. Mizizi hutambaa chini ya ardhi mahali pasipoonekana, nayo hushikilia kila kitu. Chipukizi huonekana dhaifu, lakini likiutafuta mwanga linaweza kupasua ukuta wa matofali. Nani kati yetu asiyeikumbuka hapa punje ya haradali ambayo Bwana wetu aliwasimulia makutano?

Utaratibu wa vikundi hivyo ni mwepesi. Vijana hutoka nje, hutazama mazingira yao wenyewe, huulizana kuna shida gani, kisha huchagua kazi ya kufanya katika nyanja tatu: kwa ajili ya watu, kwa ajili ya wanyama, na kwa ajili ya mazingira. Shule moja itaanzisha kitalu cha miti, nyingine itasafisha ufukwe, nyingine itawatembelea wazee. Walimu na walezi wengi hujitolea bila malipo. Kwa njia hiyo, kikundi cha kibarazani kimeenea katika nchi zaidi ya 60.

Kwa nini mtafiti wa sokwe aliacha utulivu wa msitu akawaendea watoto? Mwaka 1986, katika mkutano wa wataalamu mjini Chicago, alitambua jinsi sokwe na misitu yao walivyokuwa wakitoweka barani Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona hifadhi imebaki kama kisiwa cha kijani katikati ya vilima vilivyo uchi. Alielewa kwamba wanavijiji walikata miti kwa sababu ya umaskini, wala si kwa chuki, na kwamba msitu hautapona iwapo jirani yake ana njaa. Kwa hiyo mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha huko Kigoma mradi wa TACARE, uliowasaidia wanavijiji katika kilimo, vitalu vya miti na mikopo midogo kwa akina mama. Baadaye vijiji vilichagua walinzi wa misitu wa kujitolea kutoka miongoni mwao.

Jane Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa mjukuu wa mchungaji wa Kiprotestanti, na si kila alichokisema kinalingana na mafundisho ya Kanisa. Hata hivyo, katika jambo hili anatukumbusha yaliyo yetu. Tarehe 1 Januari 1990, mwaka mmoja kabla ya kikao kile cha kibarazani, Mtakatifu Yohane Paulo II aliutolea ulimwengu ujumbe wa Siku ya Amani juu ya amani na Mungu Muumba na uumbaji wote. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia waraka Laudato Si'. Na mwanzo wa yote ni Mwanzo 2:15, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tumekushika, kutunza tumekuacha.

Tena, ndugu zangu, Mwalimu wetu Yesu alifundishia wapi? Mara nyingi ziwani, mlimani na njiani. Aliwaelekeza wanafunzi wake watazame maua ya kondeni na ndege wa angani. Sisi tumewafungia watoto wetu wa katekesi chumbani, wakikariri majibu ya maswali ambayo wao wenyewe hawajauliza.

Basi, nimeamua hivi. Kuanzia Jumamosi ijayo, nusu saa ya mwisho ya mafundisho ya Utoto Mtakatifu itafanyika nje, nyuma ya kanisa. Hatutaanza kwa kupanda. Tutaanza kwa kuitazama miche ile mitatu iliyopona, na watoto watatueleza kwa nini imepona. Kisha wao ndio watakaochagua kazi ya kufuata. Natafuta walezi wa kujitolea kutoka kila Jumuiya Ndogo Ndogo. Posho hakuna, na mgeni rasmi hatutamwalika. Ndoo moja ya kumwagilia nitaibeba mimi.

Yule mtoto nimemwomba aje wa kwanza. Swali lake bado linanidai jibu.

Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, awabariki nyote.

Paroko wenu