Kodi Iliyomo Ndani ya Bati

Tukizungumzia nyumba za gharama nafuu, mawazo yetu hukimbilia Dar es Salaam na maghorofa yake. Leo naomba tuanzie Rutamba, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, jirani na msitu wa Litipo. Historia ya mahali hapa inatuuliza swali lisilozoeleka bungeni: nafuu ya kodi inayotolewa kwa jina la mnyonge humfikia nani?

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu, wengi wao Wamakonde, walivuka mto Ruvuma. Rutamba ikawa mojawapo ya makazi yao, chini ya ushirikiano wa Serikali, UNHCR na shirika la TCRS. Walipewa ardhi, zana na chakula cha kuanzia. Nyumba walizisimamisha wenyewe kwa fito, udongo na nyasi, kama walivyofanya wenyeji wao. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa, na wao pia wengi walikata miti na kukandika kuta upya kwa nguvu zao.

Si kwamba Serikali ilisahau makazi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba ikafuata miaka kumi hivi baadaye. Mwaka 1974 ukaanzishwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliochangiwa kwa tozo waliyolipa waajiri. Jina la mkulima liliandikwa mlangoni, lakini ndani alikaa mwingine. Mkopo ulitaka kipato kinachoonekana na dhamana inayokubalika, navyo vilikuwa kwa mwenye mshahara wa mjini. Huko ndiko sehemu kubwa ya mikopo ilikoishia, hadi benki yenyewe ilipofungwa mwaka 1995.

Wenzetu wa Marekani walichagua njia nyingine mwaka 1986. Mwekezaji anayechangia nyumba za kupanga kwa wenye kipato cha chini hupunguziwa kodi yake kwa miaka kumi. Lakini nafuu hiyo ina masharti: kodi ya pango ina ukomo, kipato cha mpangaji hukaguliwa, na anayekiuka hunyang'anywa nafuu. Mpango huo una wakosoaji wengi, ila jambo moja ni wazi: fedha ambayo Serikali imeacha kukusanya huhesabiwa kuwa fedha ya umma.

Kwetu, katika miaka ya karibuni, Serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyumba zinazouzwa na waendelezaji kwa bei isiyozidi shilingi milioni 50. Siupingi msamaha huo. Lakini Rutamba hakuna mwendelezaji. Yupo mkulima wa korosho na ufuta anayenunua bati kumi msimu huu, mifuko ya saruji msimu ujao, na katika kila bati na kila mfuko analipa asilimia 18. Anayenunua nyumba nzima amesamehewa. Anayeijenga vipande vipande kwa miaka saba anatozwa.

Mtumishi wa Hazina atajibu kwamba punguzo la bati litaishia mfukoni mwa mwenye duka. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayotulazimisha kufikiri. Mkulima wa korosho tayari ameandikishwa kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, na mauzo yake hupitia chama cha msingi. Ikiwa daftari hilo linatosha kumfikishia salfa, kwa nini lisitumike kumrudishia kodi ya nyumba yake ya kwanza, kwa kiwango chenye ukomo, na majina yakabandikwa ofisi ya kijiji?

Mwaka 1974 tuliandika neno "wakulima" kwenye jina la mfuko. Safari hii tuliandike kwenye utaratibu wa malipo.