Mlango wa Ruvuma na Kumbukumbu ya Mikindani

Msafiri aendaye Mtwara kutazama mambo ya kale hufikishwa Mikindani, mji mkongwe ulio kando ya ghuba, na huko huonyeshwa nyumba yenye kibao cha kumkumbuka Dakta David Livingstone. Lakini Mikindani haukuwa mji alioukusudia. Mwezi wa Machi 1866 alitoka Unguja kwa manowari iitwayo Penguin, nia yake ikiwa kuingia bara kwa mlango wa mto Ruvuma. Mikoko na matope ya mlango ule hayakumpa mahali pa kuteremshia ngamia wake sita. Ndipo merikebu ikageuka kaskazini, na tarehe 24 akashuka Mikindani.

Hakushuka peke yake. Katika msafara walikuwamo Abdulla Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, kijana Myao aliyetolewa katika minyororo ya utumwa mwaka 1861. Kwa Livingstone, Ruvuma ilikuwa njia ya kutafutia chemchemi za mto Naili. Kwa Chuma, ilikuwa njia ya kuelekea kwao. Livingstone alipofariki mwaka 1873, hao wawili waliwaongoza wenzao kuuchukua mwili wake toka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Basi Mikindani ni mwanzo wa safari ya watu wengi, wala si ya mmoja. Anayeukumbuka mji huo kwa jina la Livingstone yampasa awataje na waliomchukua.