Noti iliyoraruka: Usiitupe kabla ya kufika benkini

Noti iliyoraruka, iliyoungua au iliyotafunwa na mchwa isitupwe wala kuuzwa mitaani kwa bei ya chini, kwani huenda ingali na thamani.

Noti iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida haina utata. Mwenyewe huiweka katika akaunti yake, nayo benki ya biashara huirejesha kwa Benki Kuu ya Kenya (CBK), ambako huteketezwa na nyingine kutolewa badala yake.

Utata huanza noti inapopungukiwa na sehemu. Hapo uamuzi huwa wa CBK, yenye makao makuu katika barabara ya Haile Selassie, Nairobi, na matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret.

Wengi hawafahamu kwamba kulipwa si haki. Sheria ya Benki Kuu inaeleza kuwa hakuna awezaye kuidai benki hiyo thamani ya noti iliyopotea, kuibwa au kuharibika. Malipo yakitolewa, ni kwa hisani.

Ukali huo una sababu. Lau kila kipande kingelipwa kikamilifu, mlaghai angekata noti moja na kulipwa mara mbili.

Kwa hivyo, ushahidi wa mwananchi ni vipande vyenyewe. Avikusanye vyote, hasa vyenye nambari ya noti. Nambari hiyo huchapishwa mahali pawili, na zisipolingana, shaka huzuka kwamba noti mbili tofauti zimeunganishwa.

Noti zilizoungua zisikunjuliwe, kwa kuwa majivu hayashikiki. Zibebwe jinsi zilivyo ndani ya kisanduku. Zilizogandamana kwa unyevu zisibanduliwe kwa nguvu.

Kuharibu noti makusudi ni kosa la jinai, na mhusika anaweza kufungwa au kutozwa faini.

Kuna noti ambazo hazibadilishwi hata zikiwa safi. Hizi ni za zamani za Sh1,000, ambazo zilikoma kuwa halali baada ya Septemba 30, 2019. Anayezifukua leo amechelewa. Za zamani za Sh50, Sh100, Sh200 na Sh500 hazikuguswa na agizo hilo.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ya karatasi iliyofukiwa ardhini au kufichwa katika paa la nyasi huoza, na anayeipoteza hana mahakama ya kumrejeshea.