Kibao Ukutani, Utafiti Nyuma Yake: Ufadhili wa Umma na Vibao vya Kumbukumbu vya London, 1866–2015

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vibao vya kumbukumbu vinavyobandikwa kwenye majengo ya London, na hasa kusitishwa kwa mpango huo mwaka 2013 baada ya Serikali ya Uingereza kupunguza ruzuku ya urithi. Hoja yetu ni kwamba bajeti inapokatwa, hasara kubwa haiko kwenye kibao chenyewe bali kwenye utafiti unaokitangulia. Mfano wa jiwe la Mugere nchini Burundi unatumika kuonyesha uzito wa hoja hiyo katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Kibao cha kumbukumbu ni kitu kidogo. Kile cha London ni duara la kauri lenye kipenyo cha sentimita zipatazo 50, nalo hubeba jina, miaka miwili, kazi ya mhusika na maneno machache yanayomfungamanisha na nyumba. Kwa sababu ya udogo huo, wapangaji wa bajeti hukihesabu kuwa pambo, na pambo ndilo huondolewa kwanza hazina inapopungua. Mtazamo huo una kasoro, kwa kuwa unapima gharama ya kauri na kusahau kazi ya kuthibitisha kila neno lililoandikwa juu yake.

2.0 Kutoka kwa jumuiya ya watu binafsi hadi halmashauri ya jiji

Mwaka 1863 mbunge William Ewart alipendekeza bungeni kwamba nyumba walimoishi watu mashuhuri wa London ziwekewe alama. Mwaka 1866 wazo hilo lilichukuliwa na Society of Arts, jumuiya ya watu binafsi, na mwaka uliofuata kibao cha kwanza kikabandikwa mtaa wa Holles, mahali alipozaliwa mshairi Byron. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1889, na kibao kikapotea pamoja nayo. Kwa jumla jumuiya hiyo iliweka vibao 35 katika muda wa miaka 35, yaani wastani wa kimoja kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya hivyo havipo tena leo.

Mwaka 1901 jukumu lilihamia Halmashauri ya Kaunti ya London. Kuanzia hapo gharama zilibebwa na fedha za walipa kodi, na kazi yenyewe ikabadilika sura. Watumishi wa halmashauri walipewa jukumu la kuhakiki anwani na nyaraka kabla ya kibao kuidhinishwa. Mwaka 1938 mwanafunzi mmoja wa sanaa, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alilipwa gini 4 kwa kubuni umbo lililo msingi wa vibao vya buluu tunavyoviona sasa. Huo ni mpango wa kukumbuka majina, na jina la mbunifu wake halijulikani. Baadaye vigezo vya uteuzi viliwekwa rasmi, kikiwemo kile cha kusubiri miaka 20 baada ya kifo cha mhusika, ili sifa ya msimu isichukuliwe kuwa historia.

Halmashauri Kuu ya London ilipopokea kazi hiyo mwaka 1965, eneo la mpango lilipanuka hadi vitongoji vya nje. Upanuzi huo uliwezesha mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor, mwana wa daktari kutoka Sierra Leone, kuwekewa kibao South Norwood mwaka 1975. Katika miaka 21 halmashauri hiyo iliweka vibao zaidi ya 250, yaani wastani wa takriban 12 kwa mwaka. Ilipovunjwa mwaka 1986, mpango ulikabidhiwa English Heritage, chombo cha taifa kilichoendeshwa kwa sehemu kubwa kwa ruzuku ya Serikali.

3.0 Mkato wa bajeti na matokeo yake

Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kupunguza ruzuku ya English Heritage kwa karibu theluthi moja katika kipindi cha miaka minne. Januari 2013 chombo hicho kikatangaza kwamba hakitapokea mapendekezo mapya ya vibao. Yaliyokwisha kuidhinishwa yangeendelea kutekelezwa, lakini mlango wa wananchi ulifungwa. Mpango uliokuwa umevuka vita viwili vya dunia na kuvunjwa kwa halmashauri mbili ulisimamishwa na mstari mmoja wa bajeti.

Mapendekezo yalianza kupokewa tena Juni 2014, baada ya kupatikana mchango wa mfadhili binafsi na kuundwa klabu ya wachangiaji. Aprili 2015 English Heritage iligawanywa: shughuli za ushauri na uhifadhi wa kisheria zikabaki kwa chombo cha umma kiitwacho Historic England, na vibao vya London, pamoja na majengo ya kihistoria yanayotembelewa na umma, vikaenda kwa taasisi ya hisani iliyobaki na jina la zamani. Kwa maana hiyo, mpango ulirudi ulikoanzia mwaka 1866, mikononi mwa wahisani.

Mtu anaweza kudai kwamba historia hii inathibitisha kuwa fedha za umma si za lazima, kwa kuwa vibao vilizaliwa bila hizo na vinaendelea bila hizo. Dai hilo lina ukweli wake, ila linapima uhai tu. Kipimo kingine ni haki ya kupendekeza. Katika mpango wa buluu, mwananchi yeyote anaweza kupendekeza jina bila kulipia kibao. Katika mpango wa vibao vya kijani wa Westminster, kwa upande mwingine, kila kibao huhitaji mdhamini wa kukigharimia. Panapotakiwa mdhamini, swali la nani alitenda nini hutanguliwa na swali la nani atalipa.

Kibao cha Jomo Kenyatta ni mfano mzuri. Kilibandikwa mwaka 2005 kwenye nyumba namba 95, mtaa wa Cambridge, Pimlico, alikoishi kati ya 1933 na 1937, kabla ya kuchapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938. Mwaka huohuo wa 2005 Kwame Nkrumah naye alipata chake Kentish Town. Uingereza iliyomfunga Kenyatta ilitumia fedha zake za umma kuthibitisha anwani yake na kuiandika ukutani.

Hata hivyo, haifai kuupamba mpango huo kupita kiasi. Mwaka 2018 English Heritage yenyewe ilikiri kwamba wanawake walikuwa asilimia 14 tu ya waliokumbukwa, licha ya zaidi ya miaka 100 ya fedha za umma. Fedha za umma hazileti haki zenyewe. Zinachofanya ni kumpa mwananchi msingi wa kuidai.

4.0 Funzo kutoka Mugere

Kwetu suala hili linaonekana wazi kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere. Hapo pana jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo: walikutana Ujiji, kisha wakasafiri kwa mtumbwi kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na Mugere walipita wakiwa tayari pamoja. Tarehe ya jiwe ni sahihi na majina ni sahihi, lakini hakuna maelezo, na penye pengo la maelezo uvumi hujijengea nyumba. Wapiga makasia waliowafikisha hapo hawatajwi kabisa.

Jiwe la Mugere limedumu bila gharama kubwa. Kilichokosekana ni mtafiti wa kuliandikia sentensi mbili zilizohakikiwa.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya London inatufundisha kwamba mpango wa kumbukumbu unaweza kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kufa, mradi utafiti, vigezo na kumbukumbu za ofisi vihamishwe pamoja nao. Kwa washauri wa sera wa ukanda wetu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, gharama ya utafiti itengewe fungu lake, lisichanganywe na la utengenezaji wa vibao. Kauri inaweza kusubiri mfadhili, bali wazee wanaoijua nyumba hawasubiri. Pili, hata pale wahisani wanapochangia, haki ya kupendekeza ibaki bila malipo na uamuzi ubaki kwa jopo lisilofungwa na mchangiaji. Tatu, kila kibao kiwe na jalada lililo wazi kwa umma, linaloonyesha ushahidi uliotumika, ili jengo likibomolewa, kama lilivyobomolewa lile la Byron, ujuzi usizikwe kwenye kifusi.